Mkono Niliokupa Ubusu

Mwanangu Raya,

Salamu zangu hazina safari. Wewe uko ghorofa ya tatu ya jengo hilihili unasukwa nywele kwa Mama Bea, na mimi niko huku chini dukani, mlango nimeushusha nusu ili wateja wadhani nimekwenda kuswali. Nimeshaswali. Naandika nyuma ya karatasi za orodha ya mzigo kwa sababu ndizo zilizokuwa karibu. Nikiinuka kwenda kutafuta karatasi nzuri nitapata kisingizio cha kutoandika, na najijua.

Sitakuambia habari za soksi za safari yako ya kesho. Shangazi yako Bi Time ameshakutumia sauti kumi na moja kutoka Unguja kuhusu soksi, dawa ya kifua na nyama ya kuchinjwa, na nadhani hajamaliza. Mimi nina jambo moja tu, na tangu asubuhi limenivurugia kazi. Mteja wa Lubumbashi alikuja saa nne kupimiwa mapazia, nikamkatia kitambaa kifupi kwa nusu mita. Miaka kumi na saba niko Guangzhou sijawahi kukata kitambaa kifupi.

Ulipoiweka simu yako kando ya kikombe changu cha chai leo asubuhi ukasema, "Baba, soma kuanzia juu," nilidhani ni tiketi. Nikavaa miwani. Nikasoma kuanzia juu mpaka chini, na mpaka saa hii sijarudi sawa.

Lakini ngoja niyaseme kwa mpangilio, maana upande wangu wa mambo haya hujausikia. Umeusikia wa watu wa mtaa wetu huu wa Xiaobei tu.

Alhamisi iliyopita ulikwenda Kangle kuchukua mapazia kwa fundi wetu Mama Chen, simu ukaiacha mezani inachaji. Ujumbe ukaingia, kioo kikawaka. Sikwenda kuitafuta, wallahi. Ila pia sikugeuza uso. Nikaona jina la Bi Moira, yule mkunga mstaafu wa Skotlandi anayekupa chumba mwaka wako wa kwanza wa uuguzi. Nikaona mstari wa mwisho tu: kwamba atakuja mwenyewe uwanja wa ndege kukupokea, na mkikutana, kama utapenda, jambo la kwanza atakupa "cuddle" nzuri.

Kiingereza changu unakijua. Ni Kiingereza cha mapazia. Urefu, upana, rangi, nguo nzito, nguo nyepesi, mzigo utafika lini. Neno hilo halijawahi kuingia kwenye pazia. Basi nikafanya ninavyofanya kwa kitu chochote nisichokijua thamani yake, nikaenda kuuliza maduka matatu. Umenisikia tangu utoto wako: bei ya duka moja ni uongo, ya maduka mawili ni ubishi, ya maduka matatu ndiyo bei. Sheria hiyo ndiyo iliyokusomesha, na mimi nilikuwa najivunia sana.

Duka la kwanza lilikuwa la Emeka, Mnaijeria wa viatu. Alicheka mpaka akaweka sanduku chini, akaniambia hayo ni mambo ya mke na mume, mimi mzee mzima nimeyapata wapi. Nikapanda kwa Mulenga, yule Mzambia mtaratibu, naye akasema hapana, ndivyo mtu anavyombembeleza mtoto mchanga alale. Nikajiuliza, mtoto mchanga gani ana miaka kumi na tisa? Huyu mama anataka nini kwa binti yangu? Nikamalizia kwa Kamau wa vipuri, ambaye kila jambo lazima alitie pilipili. Akanishushia sauti kama polisi.

"Mzee, hiyo si hagi ya kukumbatiana kanisani," akasema. "Hiyo ni ya blanketi. Chunga msichana wako."

Maduka matatu, bei tatu. Na sheria yangu inasema bei zikigongana, jiandae kwa ile mbaya kuliko zote. Nikajiandaa. Namba ya Bi Moira ilikuwa kwenye fomu ya chumba niliyotia saini, nikamwandikia palepale nimesimama ngazini. Nilimwambia binti yangu si wa kushikwashikwa. Nilimwambia sisi Waislamu tuna heshima zetu. Nilimwambia chumba chake hatukitaki. Nilipoutuma nilihisi nimefanya kazi ya baba, na nikanunua maandazi nikarudi dukani nikala mawili.

Hukuambiwa na mimi. Uliambiwa na Mama Bea, ambaye aliambiwa na mpakiaji mizigo, ambaye aliambiwa na Kamau. Kufika Ijumaa jioni hakuna mtu kwenye jengo hili ambaye hakuwa na maoni juu ya neno lililoandikwa kwa mwanangu. Mpaka laoban wa chini, mwenye nyumba wetu, asiyejua Kiswahili wala Kiingereza, aliniuliza kwa ishara kama bado unasafiri. Nikamwambia meiyou, hakuna kitu, hakuna tatizo. Na wewe siku nne ulipita katikati ya watu wale ukibeba maboksi, ukiwasalimia, ukinipikia, ukinisubiri niseme. Sikusema. Nilikuwa nakutafutia chumba kingine kimyakimya, kwa hasira na kwa fahari.

Leo asubuhi ndipo nikasoma kuanzia juu.

Nimeona Bi Moira alikuuliza mwezi uliopita kama kuna jambo anapaswa kulijua kabla hujaingia nyumbani kwake. Ukamwambia chakula. Ukamwambia kibla. Kisha ukamwandikia maneno ambayo nimeyasoma mara nyingi hata nayajua kwa moyo, na nayaandika hapa kwa Kiswahili ili yaniume kwa lugha yangu. Ulimwambia: "Kuna jambo moja naona haya kulisema. Huko kwenu watu hukumbatiana. Mimi sijui inafanywaje. Mara ya mwisho kukumbatiwa nilikuwa na miaka minane, na aliyenikumbatia alikuwa mama. Ukiniona nimekakamaa usidhani nimekuchukia."

Naye akakujibu kwamba hakuna atakayekugusa bila wewe kutaka. Kama ungependa, mngeanzia uwanja wa ndege. Ungekakamaa, angesubiri. Hapo ndipo ulipo ule mstari wangu.

Raya, nilitaka kusema ni uongo. Kinywa kilifunguka kabisa. Nikaanza kutafuta kichwani siku moja, siku moja tu, nikutolee iwe ushahidi. Nikaikumbuka Idi, nikakuona unainama, shikamoo baba, unanibusu mkono. Nikaikumbuka siku ya matokeo yako, nikauona mkono. Nikazikumbuka zile siku za korona tulizofungiwa ndani na wewe ukashikwa na homa. Nilikupikia uji, nilikaa mlangoni usiku kucha, na homa nilikupima kwa kile kidude kinachosoma joto kutoka mbali. Kutoka mbali, mwanangu. Nilinyoosha mkono wote. Nimetafuta miaka kumi na moja mezani pale chai ikapoa, sikupata hata siku moja.

Hayo ndiyo yaliyonishtua. Siyo Bi Moira. Nimeshtuka kwa sababu ni kweli, na kwa sababu umemwambia mtu wa Skotlandi usiyemjua uso kwa uso, ukaona ni rahisi zaidi kuliko kuniambia mimi ng'ambo ya meza.

Mama yako asingeyaamini haya. Mama yako alikuwa mtu wa kushika. Unakumbuka ile hadithi ya alama za X? Ulikuwa mdogo, labda umeisikia kwake. Nilikuwa na mteja Mwingereza, mama wa makamo, ameagiza mapazia ya hoteli nzima. Akaniandikia ujumbe mzuri, na mwisho wake akaweka alama tatu za X. Sasa kwetu huku katoni ikipigwa X maana yake imekataliwa. Tatu! Nikapiga simu Kangle nikasimamisha cherehani zote. Mama Chen akanitukana matusi ambayo nashukuru sikuyaelewa yote. Mama yako ndiye aliyeichukua simu, akasoma, akacheka akakaa chini juu ya marobota. Akaniambia hao watu wengine huandika busu kama sisi tunavyoandika wasalaam, halina maana kubwa, ni la kufungia barua. Nikakataa kuamini. Akasimama akanibusu shavuni mbele ya mafundi wote, akasema, "Hili ndilo lenye maana." Wiki nzima mafundi walikuwa wakinicheka.

Naikumbuka hiyo kwa sababu nyingine. Wewe ulikuwa umekaa juu ya meza ya kukatia, na ulipoona mama amepata zamu yake ukanyoosha mikono nawe upate. Nilikubeba. Nakumbuka uzito wako. Kwa hiyo nilijua inavyofanywa, Raya. Nilikuwa najua.

Siku tuliyomzika mama yako nilisimama mlangoni pa nyumba napokea mikono ya wanaume. Mmoja baada ya mmoja, mkono wa pole, mkono wa pole, Mtanzania, Msomali, Muuighuri wa mkahawani. Wewe ukatokea katikati ya miguu yao. Hukuwa unalia. Ulinyoosha mikono yote miwili juu, kama pale kwenye meza ya kukatia. Na mimi, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa tayari mbele kwa ajili ya watu, nikakupa mkono.

Ukauangalia. Kisha ukaubusu, kama ulivyofundishwa, ukaenda ndani kwa wanawake.

Nimelificha jambo hilo miaka kumi na moja nyuma ya mambo mengine. Shangazi yako alipokuja kwa arubaini aliniambia mtoto wa kike anakua, babake hamkumbatii, atamlea kwa heshima. Nikalishika neno lake kwa mikono miwili, maana lilinifaa. Lakini Bi Time hana kosa. Yeye alisema jambo analolijua, na wewe ulikuwa na miaka minane. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliona nikikubeba siku ile nitaanguka nawe mbele ya watu, na nikaona kesho yake vilevile, na keshokutwa. Baada ya mwaka haikuwa woga tena, ilikuwa desturi. Baada ya miaka mitano nikaiita heshima.

Na nilikuwa na hoja nzuri, usinione hivi. Nilikuwa najiambia kila watu wana namna yao. Wachina hawa tunaoishi nao wanakumbatiana lini? Mama Chen alipopata habari ya msiba alikuja kutoka Kangle, akanitilia mayai mawili ya moto, moja kila mfuko wa koti, akaniuliza kama nimekula, akaondoka. Joto lile nililihisi mpaka jioni. Basi nikasema, wao mayai, sisi mkono, Wazungu mikumbatio, yote sawa. Ni hoja ambayo hata leo ningeweza kumshinda nayo mtu barazani. Ila mayai nilipewa mimi. Wewe hukupewa kitu.

Asubuhi, nilipokuwa nimeikodolea chai macho vile, ulidhani nimekasirika, ukaanza kunieleza maneno ili kumtetea Bi Moira. Ulinieleza kwa upole kama unamfundisha mgonjwa kumeza dawa. Kwamba Kiingereza si cha mtu mmoja. Kwamba kuna wanaokumbatiana kama sisi tunavyopeana mikono, mtu hata jina lako hajalijua. Kwamba kuna kwingine neno la busu likitajwa kila mtu anatazama chini. Kwamba "cuddle" ya Bi Moira ni ile anayopewa mjukuu mwenye jino bovu, na paka, na mtoto mkubwa anayesafiri. Kwingine neno lilelile linaingia chumbani na kufunga mlango. Nikakuuliza, sasa kati ya Emeka na Mulenga na Kamau, nani aliyesema kweli?

"Wote wamesema kweli ya kwao," ukaniambia. "Ila Baba, uliuliza maduka matatu, na duka lenye mali lilikuwa hapa mezani."

Hukusema kwa ukali. Ungesema kwa ukali ningekujibu, unanijua. Uliondoa kikombe ukaenda kukiosha.

Nina la kukiri juu ya hilo, maana nimeahidi karatasi hizi hazitakuwa na uongo. Hata ningekuuliza wewe kwanza, hata ungenipa maana ile nzuri ya mjukuu na paka, nadhani ningekasirika vilevile. Ningetafuta sababu nyingine. Moyo wangu ulijua kabla ya kichwa kwamba kuna mtu anataka kukupa kitu ambacho nilikuwa nacho dukani muda wote, nikakiweka juu ya rafu, nikasahau bei yake. Ule haukuwa ulinzi, mwanangu. Ulikuwa wivu.

Sasa sikiliza lililotokea wakati wewe uko kwa Mama Bea, maana hujui.

Baada ya alasiri simu yangu ililia, namba ya nje. Nikaijua. Niliiangalia mpaka ikakaribia kukatika. Nikapokea. Sauti yake si niliyoitegemea, nyembamba, ya mtu mzima sana, na Kiingereza chake kinakwenda kwa milima na mabonde, hata nikamwomba arudie mara mbili. Nikamwambia nimekosa. Neno hilo kwa Kiingereza ninalo, ni la mzigo uliochelewa, nikalitumia hilohilo. Nikamwambia nilisoma mstari mmoja nikadhani nimesoma barua.

Akasema chumba kipo na kitanda kimetandikwa. Akasema aliposoma matusi yangu alikaa jikoni akalia kidogo, kisha akajiambia baba anayepiga kelele namna ile angalau yuko macho. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea hata kidogo, nikakaa juu ya robota bila kutaka. Alisema ameshakuuliza wewe na umekubali, sasa anataka kuniuliza na mimi, kwa kuwa ni baba: je, nitaridhia akukumbatie atakapokupokea? Nikisema hapana, atakupa mkono, na atakuwa mwema kwako vilevile.

Fikiria. Mtu ambaye nilimvunjia heshima kutoka ngazini ananiomba ruhusa. Mimi sikukuomba ruhusa hata ya kusoma simu yako.

Nilichomjibu nitakuambia mwisho.

Barua hii nitaitia ndani ya pochi ya pasipoti. Najua hutalala leo bila kuikagua pasipoti mara tatu, hilo umelirithi kwangu na sina wa kumlaumu. Kwa hiyo utaisoma kabla hatujatoka. Usije ukaniambia kitu asubuhi. Nikiangaliwa nitaanza habari za soksi.

Kesho pale mlangoni pa uwanja wa ndege, wanapowazuia wasio na tiketi, utafanya kama kawaida yako. Utaweka begi chini, utasema shikamoo baba, utainama utafute mkono. Hutaupata. Nitakuwa nimeiweka yote miwili nyuma, na nakuomba usidhani nimekunyima. Nimeificha ili usiwe na cha kubusu. Simama tu wima, mwanangu, nyoosha yako kama ulivyoinyoosha siku ile, maana mimi peke yangu sitajua pa kuanzia. Watu wa Xiaobei watakuwepo, Kamau ameng'ang'ania kuendesha gari. Waone. Wana maoni tayari.

Nilimjibu Bi Moira kwa Kiingereza changu cha mapazia. Nilimwambia ruhusa anayo, lakini asubiri. Wa kwanza ni mimi.

Akasema ndivyo ilivyopasa.

Ukikakamaa, nitasubiri. Na mimi nikikakamaa, usiniachie.

Babako